Baridi Bila Mvua: Maharage ya Kutambaa na Kalenda ya Kakanda

Ukiuliza maharage ya kutambaa yanataka nini ili yazae vizuri, kuanzia Kabale hadi Bukavu utapewa jibu moja: yanataka baridi. Jibu hilo ni la kweli, ila limezaliwa katika milima ambako baridi na mvua hutembea pamoja. Kakanda, mji wa mgodi nchini Kongo, kaskazini-magharibi mwa Likasi, pale mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba inapokaribiana, una baridi yake pia. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na watu huamka wamejikunyata. Lakini katika miezi hiyo mvua hainyeshi kabisa. Huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, hukoma Aprili, na baridi huingia mvua ikiwa imekwisha kuondoka. Katika nchi ya namna hii, ushauri wa "panda wakati wa baridi" ni njia ya uhakika ya kupoteza mbegu.

Hata hivyo mmea wenyewe hauna ugomvi na Kakanda. Nafasi yake ipo, ingawa ni nyembamba kuliko wanavyodhani wanaoisifu mbegu ya Kivu: viwanja vidogo karibu na nyumba, mwezi wa Januari, kwa mbegu iliyozalishwa kwa ajili ya miinuko ya kati. Ukitoka nje ya mipaka hiyo, maharage mafupi ya kawaida yatakulisha vizuri zaidi na kwa jasho dogo zaidi.

Tuanze na mmea. Maharage yote haya, mafupi na marefu, ni ya jamii moja, Phaseolus vulgaris, iliyotoka Amerika ya Kati na milima ya Andes na kufika Afrika katika karne ya 16 kwa njia ya Wareno. Mmea wa asili porini hutambaa. Ufupi ni tabia iliyochaguliwa na wakulima waliotaka mmea unaosimama wenyewe na kuiva haraka. Maharage hufanya vizuri wastani wa joto ukiwa kati ya nyuzi 16 na 24. Joto la mchana likipita 30 na usiku nao ukiwa wa moto, maua huanguka kabla ya kushika. Ubaridi wa wastani huyashikilia maua, na pia huchelewesha uzee wa mmea. Maharage mafupi hufanya kazi yake kwa siku 75 hivi na kumaliza. Ya kutambaa huendelea kupanda juu, kila pingili ikitoa maua mapya, kwa siku 90 hadi 120, na juu ya mita 2,000 hata zaidi. Mavuno makubwa yanatokana na muda huo. Shamba la maharage mafupi mikononi mwa mkulima wa kawaida hutoa kati ya kilo 700 na tani moja kwa hekta. Ya kutambaa, yakipewa fito na mbolea, hutoa tani mbili au tatu, na katika vituo vya utafiti zaidi ya hapo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mahali popote ni hili: je, unyevu na ubaridi wa wastani vinakaa pamoja kwa muda gani? Kama vinakaa miezi mitano, una nchi ya maharage ya kutambaa. Kama ni miezi miwili, usijisumbue.

Rwanda ndiyo mfano uliochunguzwa kuliko wote, na inafaa tuutazame polepole kwa sababu mara nyingi husimuliwa kwa upande mmoja. Kabla ya miaka ya 1980, maharage ya kutambaa yalikuwa mali ya kaskazini tu, Ruhengeri na Gisenyi, kwenye udongo wa volkano. Kusini na katikati watu walipanda mafupi. Mwanzoni mwa miaka hiyo kituo cha kimataifa cha CIAT, kilichoanzishwa Kolombia mwaka 1967, kilishirikiana na watafiti wa Rwanda katika kituo cha Rubona na kuanza kujaribu mbegu kutoka duniani kote. Mojawapo ilikuwa na namba G2333. Ilitoka Teopisca, katika jimbo la Chiapas nchini Meksiko, ikaitwa Umubano: punje ndogo nyekundu, mmea wenye nguvu za kutisha, na kinga dhidi ya ugonjwa wa chule ambayo wazalishaji wa mbegu wanaitumia hadi leo. Kufikia mwaka 1993, takriban wakulima wanne kati ya kumi nchini humo walikuwa wakipanda maharage ya kutambaa yaliyoboreshwa. Kwa zao la chakula lisilo na kampuni ya kulitangaza, hiyo ni kasi ya ajabu.

Lakini wakulima hawakuhama kwa sababu ya uzuri wa mbegu peke yake. Mashamba yalikuwa yamegawanywa na kugawanywa tena kati ya watoto hadi yakawa vipande, udongo umechoka, na ugonjwa wa kuoza mizizi ukawa unayamaliza maharage mafupi. Asiyeweza kupanua shamba pembeni alilazimika kulipandisha juu. Hilo ni la kukumbuka tukirudi Katanga.

Jambo la pili kutoka Rubona halihusu hali ya hewa, na kwangu ndilo lenye thamani zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliwaalika akina mama wanaojulikana vijijini kwa ujuzi wa maharage, wakawapitisha kwenye vitalu vya majaribio ili wachague wenyewe. Walichochagua mara nyingi kilifanya vizuri zaidi mashambani kuliko kile ambacho wataalamu wangekipeleka. Walitazama vitu ambavyo jedwali la mavuno halivionyeshi: kama majani ni laini ya kupikwa mboga, kama mmea unavumilia kivuli cha migomba, kama ganda linakauka bila kupasuka. Mtu anayeleta mbegu Kakanda ndani ya gari la mradi, akiwa na karatasi ya takwimu tu, angefanya vizuri kuanza kwa wanawake wanaouza maharage sokoni.

Upande wa Kongo, kazi ya namna hiyo imefanywa na taasisi ya utafiti wa kilimo, INERA, katika kituo cha Mulungu, Kivu Kusini, kilichoko kwenye mita 1,700 hivi. Kabare na Walungu, au Masisi na Lubero za Kivu Kaskazini: huko maharage ya kutambaa ni mazoea ya kale, misimu ya kupanda ni miwili kwa mwaka, na majani yenyewe, mushogolo, ni chakula cha heshima. Mbegu nyingi zinazofaa Mulungu huwa zimezoea ukungu na mvua ya mara kwa mara. Kakanda ipo chini zaidi, kama mita 1,300 na kitu, karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, na mwaka wake una nusu mbili zisizofanana hata kidogo.

Sasa tuichukue kalenda ya Kakanda tuipime. Septemba na Oktoba ni miezi ya moto, joto la mchana hugusa au kupita 30. Novemba mvua hushika na joto hupungua. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana huwa wa nyuzi 26 hadi 28, usiku 16 au 17, mawingu mengi, mvua ya kutosha. Msimu wa masika wa Katanga ndio wenye hali ya hewa ambayo maharage huipenda. Kinachoitwa majira ya baridi hapa ni kiangazi, na mmea uliokwama kwenye nyuzi 8 usiku husimama tu bila kukua, hata ukiumwagilia.

Ukipanda Novemba, pamoja na mahindi, maharage mafupi yatakomaa Februari katikati ya mvua kubwa. Maganda yanayogusa udongo huoza, punje huota zikiwa ndani ya ganda, na chule huenea kwa kila tone linalorukia jani. Hapo maharage ya kutambaa yana faida, kwa kuwa maganda yake yananing'inia hewani. Lakini hata hayo hayakauki wakati anga halifunguki. Ukipanda katikati ya Februari, maharage mafupi ya siku 75 bado yatafika salama mwishoni mwa Aprili. Ya kutambaa hayatafika: yatakuwa yanajaza maganda Mei, kwenye udongo mkavu na usiku unaozidi kupoa.

Kinachobaki ni dirisha la wiki tatu hivi, kuanzia mwanzo wa Januari. Mbegu ya siku 100 iliyopandwa tarehe 10 Januari hutoa maua mwishoni mwa Februari na mwanzo wa Machi, hujaza maganda Machi yote mvua ikiwa bado ipo, kisha hukauka katika nusu ya pili ya Aprili, anga likifunguka lenyewe. Mahitaji yake ya maji ni milimita 300 hadi 500 zilizosambaa vizuri, na miezi hiyo huyatosheleza bila shida. Mbegu ya siku 130 kutoka mlimani haiingii kwenye dirisha hilo. Kwa sababu hiyo jina la kuulizia ni MAC, kundi la mbegu ambalo CIAT ililizalisha mahususi kwa miinuko ya kati, ambako mbegu za milimani zilikuwa zikiungua na joto au kuchelewa. Kutoka kundi hilohilo Kenya ilipata Kenya Tamu, Kenya Safi na Kenya Mavuno, na Rwanda ikapata MAC 44, moja ya mbegu zilizoongezwa madini ya chuma.

Lakini kwa nini mtu wa Katanga ahangaike? Nchi ni pana. Mkulima wa kando ya mto Lufira, akitaka maharage zaidi, hufyeka zaidi, na kwa hesabu ya nguvu za mikono ana haki. Maharage ya kutambaa hulipa pale ardhi ilipo ghali kuliko kazi, na sehemu kubwa ya Katanga hali ni kinyume. Ndiyo maana sishangai kwamba hayakuenea huku yenyewe kama yalivyoenea kusini mwa Rwanda.

Kakanda ni jambo jingine. Mji uliozaliwa na shaba na kobalti umezungukwa na eneo la uchimbaji. Shamba la mbali ni mbali kweli, na la karibu laweza kuwa ndani ya mipaka ya kampuni, ambako anayelima hana uhakika wa kuvuna. Kwa hiyo ndani ya nchi yenye nafasi kuna mji wenye uhaba wa ardhi. Mtu mwenye kiwanja cha mita 10 kwa 10 nyuma ya nyumba atapata kilo 7 au 8 za maharage mafupi. Kwa ya kutambaa, akiyatunza, 20 si ndoto. Hiyo ni tofauti ya wiki kadhaa za kitoweo cha bukari, ugali wa huku.

Halafu inakuja bei, na bei ni fito.

Mapendekezo ya kawaida ni fito 40,000 hadi 50,000 kwa hekta, kila ufito mita mbili na zaidi. Kwa kiwanja chetu ni mia nne hadi mia tano: mistari ya sentimita 50, mashimo kila sentimita 25, punje mbili kwa shimo, ufito mmoja kwa kila mashimo mawili. Hata Rwanda wakulima wengi huweka pungufu, na mavuno hupungua pamoja nao. Ufito ukiwa mfupi, mmea hufika kileleni, hukosa pa kushika, hujikunja na kujifunika, na sehemu ya juu, ambako aina nyingi hubeba maganda mengi zaidi, inageuka kichaka chenye ukungu. Uchimbiwe chini vya kutosha, kwani mimea minne iliyolowa mvua ya Machi ni mizito.

Zitatoka wapi? Miombo inayozunguka miji ya shaba imekwisha kuliwa na makaa. Kukata miche 500 ya miti ya porini kwa ajili ya kiwanja kimoja ni kuongeza jeraha juu ya jeraha, na mara nyingi atakayetembea kilomita kuzileta kichwani ni mwanamke. Mikaratusi hutoa fito zinazodumu misimu miwili au mitatu, ila hunywa maji na haipendi majirani. Matete makavu hufaa msimu mmoja, hupatikana kando ya mito, na yakichoka huwa kuni. Mwanzi ukiupata ni bora kuliko yote. Katika miteremko ya Kapchorwa, Uganda, wakulima na watafiti walijaribu kamba za katani na za migomba zilizofungwa kwenye nguzo chache zenye waya au mti wa kulala juu: miti inapungua sana, kazi ya kufunga inaongezeka. Kwa mji ambao vyuma chakavu na waya si adimu, ningejaribu nguzo na kamba kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna njia nyingine, na kwa Katanga ndiyo ya asili zaidi: mahindi. Maharage yanapandwa Januari kwenye shina la mahindi ya Novemba, majani ya chini ya mahindi yanatolewa ili mwanga ushuke, mahindi yanavunwa Machi na bua linaachwa limesimama. Wakulima wa kusini mwa Malawi, nao wakiwa na msimu mmoja wa mvua, hupanda maharage ya kupokezana na mahindi kwa mtindo unaofanana na huo. Onyo ni moja. Umubano na ndugu zake wenye nguvu wataliangusha bua. Kwa mahindi inatakiwa aina inayotambaa nusu, ya mita moja na nusu, na mkulima akubali kwamba mavuno yatakuwa katikati: zaidi ya mafupi, chini ya yale yenye fito. Mimi naliona hilo kuwa maelewano mazuri kwa shamba la mbali, na fito zibaki kwa kiwanja cha nyumbani.

Udongo ndio tatizo ambalo kitabu cha Kivu hakilijui. Udongo mwekundu wa Katanga ni wa uchachu, na maharage ni zao linaloteseka chini ya pH 5.5: mizizi hukutana na alumini, fosforasi hufungwa isipatikane, na vinundu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani havifanyi kazi. Maharage tayari ni mavivu wa kuvuta naitrojeni ukiyalinganisha na soya au kunde. Ya kutambaa huvuta zaidi ya mafupi kwa kuwa yanaishi muda mrefu, ila tu yakipewa fosforasi. Ng'oa mmea mmoja unapoanza kutoa maua, upasue vinundu: vikiwa vyekundu ndani vinafanya kazi, vikiwa vyeupe au kijani ni mapambo.

Juu ya uchachu kuna shaba. Karibu na migodi na mabaki yake, shaba na kobalti hupita kiasi, na kwenye udongo mchachu huyeyuka na kuingia mizizini. Mizizi huwa mifupi na ya kahawia, majani hugeuka njano katikati ya mishipa. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamechunguza kwa miaka mingi mboga na udongo uliochafuliwa, hasa upande wa Penga-Penga, mtaa uliopokea moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, na dawa wanayoirudia ni chokaa pamoja na mboji nyingi, ambazo hufunga madini yasipande kwenye mmea. Hazimalizi tatizo. Anayepika majani ya maharage ayaoshe vizuri, kwa sababu vumbi hukaa juu ya jani hata udongo ukiwa safi, na shamba lililoko chini ya mkondo wa maji ya mgodi ni bora lipandwe miti.

Kinachochekesha kidogo ni kwamba chokaa ipo. Mawe ya chokaa ya Kakontwe, mlangoni mwa Likasi, yamechimbwa kwa muda mrefu, na viwanda vya madini hutumia chokaa kwa wingi kutuliza asidi yao. Mkulima aliye kwenye ardhi inayoilia chokaa hiyo anaiona ikipita barabarani kwenye malori. Mradi wa jamii wa kampuni yoyote ungeweza kuanza na hilo: mifuko ya chokaa iliyosagwa, kabla ya matrekta na vibao vya uzinduzi. Wakati wa kungoja, majivu ya jikoni kwenye kila shimo husaidia, na samadi husaidia zaidi.

Magonjwa nitayapita haraka. Chule na madoa pembe hupendelea unyevu wa Februari, na vyote viwili husafiri ndani ya mbegu. Dawa ya bei nafuu ni kuchagua mbegu shambani, kabla ya kuvuna: funga uzi kwenye mimea misafi, chukua maganda yake peke yake, tupa kila punje yenye doa. Nzi wa maharage hushambulia zaidi miche iliyochelewa kuliko iliyopandwa mapema, sababu nyingine ya kutosogea Februari. Fukusi huingia mbegu zikiwa bado shambani, kwa hiyo usiache maganda yakauke kupita kiasi. Baridi ya Juni, ambayo haikusaidia kitu shambani, ghalani huwapunguza kasi.

Rangi na muda wa kupika navyo vina nguvu kuliko mavuno. Maharage yanayochukua makaa mengi kuiva yatarudishwa na mnunuzi hata yakiwa na chuma kiasi gani. Ni vizuri kila aina ipikwe jikoni kwa mtu kabla haijapandwa zaidi ya mstari mmoja.

Zimebaki bustani za kiangazi kwenye dembo, yale mabonde mapana yenye majani ambayo hushika unyevu mvua ikiisha. Hapo wengi huona njia ya kuitumia baridi, na hapo inatakiwa tahadhari. Hewa ya baridi ni nzito, huteremka usiku na kukaa chini ya bonde. Katika nyanda za juu za Katanga jalidi huweza kuunguza majani sehemu hizo, na maharage hayana ulinzi wowote dhidi yake. Mbegu iliyopandwa Mei au Juni kwenye udongo wenye nyuzi 12 huvimba, hungoja na kuoza. Waingereza hukwepa tatizo la namna hii kwa kupanda jamii nyingine, Phaseolus coccineus, inayovumilia ubaridi. Lakini hiyo hutaka mchana mrefu, kiasi kwamba mashamba ya Kenya yanayoilima kwa soko la Ulaya huwasha taa usiku.

Kwenye dembo la Kakanda tegemeo ni maganda mabichi, siyo punje kavu. Pandia ukingoni mwa bonde, hatua kadhaa juu ya mahali ambapo umande huganda, katika wiki ya mwisho ya Julai, baridi ikianza kulegea. Miche itaota ndani ya siku kumi, fito ziwekwe mapema, maji ya ndoo mara mbili kwa juma, mara tatu maua yakianza. Uchumaji utaanza mwishoni mwa Septemba, wakati ambapo mboga mbichi ni chache sokoni. Wiki ya pili ya Oktoba joto litayaangusha maua yaliyobaki. Fito zing'olewe siku hizohizo, zikaushwe na kufungwa darini, kwa sababu Januari zitahitajika tena nyuma ya nyumba.